Haya, ya pantoni nayasema mwenyewe

Kwa kuwa yule ndugu yangu wa bodaboda ameshakitangazia kijiwe kizima kwamba nimeposa huku nalia, ngojeni niwape yenyewe. Sikulia. Ule ulikuwa upepo wa bahari.

Jirani yangu wa mlango wa pili mnamjua. Nywele nyekundu, kikuku mguuni, anafua uani huku akiimba mpaka mama mwenye nyumba anafunga dirisha. Na mimi mnanijua: jela ya Ukonga, miaka mitatu, nikatoka baada ya miwili kwa ile theluthi ya tabia njema. (Mnaosema nilitoka kwa msamaha wa Rais, acheni kunipandisha cheo.) Mpaka leo ikifika saa kumi jioni miguu inanirudisha chumbani yenyewe. Ndivyo tulivyozoeana. Alinigongea siku moja, akaniuliza, "Jirani, jua lote hili unajifungia, unafuga nini humo?"

Basi Jumapili kaniambia twende Kigamboni tukale pweza. Nikasema tupite Daraja la Nyerere. Akasema darajani hakuna raha. Tukashuka Magogoni, shilingi 200 kila mtu, tukabanana na pikipiki, matenga ya samaki na kina mama wenye ndoo. Kanipa mkono. Jamani, kanipa mkono mbele za watu! Mkono wangu wa pili umeshika karanga za kwenye karatasi.

Pantoni inakaribia ng'ambo. Watu wameanza kusukumana kuwahi kushuka. Askari mmoja, kavaa kaki, buti zinang'aa, akapuliza filimbi.

Prrrrrr!

Mimi huyo, chini. Nimechuchumaa, mikono kichwani, macho sakafuni. Karanga zinanishukia kwenye kola moja moja. Mkono wa jirani sijauachia, kwa hiyo na wenyewe uko juu ya utosi wangu, kama shehe ananisomea dua. Nikawa nasubiri wanne waje wachuchumae nami tutimie watano, tuhesabiwe.

Kimya kidogo. Kisha mama mmoja mwenye ndoo akasema, "Mungu wangu, anamchumbia!"

Vigelegele! Simu zikatoka mifukoni. Kijana wa pikipiki akapiga honi. Nikaanza kuinuka nieleweshe watu, yule askari naye kafurahi, kapuliza filimbi kutushangilia. Chini tena! Nikainuka nusu, akapuliza. Chini. Watu wakaona huyu bwana anabembeleza mpaka basi. Mzee mmoja analia kabisa (ndugu yangu wa bodaboda, aliyelia ni huyo). Mwingine anapaza sauti, "Pete iko wapi?" Na mimi, Mola anisitiri, nikajibu kwa sauti ile tuliyofundishwa kule: "Sina kitu, afande!"

Jirani kaniangalia. Hakuniinua. Kakusanya kanga yake, kachuchumaa pembeni yangu, kaninong'oneza, "Wamebaki watatu, siyo?"

Nilikuwa nimemsimulia ya kuhesabiwa mara moja tu, usiku umeme umekatika. Nilidhani kasinzia.

Kisha akawageukia watu, kasema, "Nimekubali!" Mlango ukateremka, tukasombwa na umati. Pweza tulimla. Yeye alicheka mpaka pilipili ikampalia. Mama mwenye nyumba anauliza mahari, wapangaji wameanza kuchangishana sare, mimi sijauliza swali lolote na jibu ninalo.

Sasa tatizo. Video imefika Tanga kwa mjomba wake. Mlioniambia nimpelekee kanzu, subirini kwanza: mjomba ni askari magereza mstaafu. Kaiangalia mara moja tu, kampigia simu mpwa wake.

"Mwanangu, huyo hajapiga goti. Huyo anahesabiwa."

Ametuita Jumamosi. Amesisitiza niwe ndani kabla ya saa kumi.