Kompaila haijui masika ya Nzoia

Chukua programu ya C inayopitia vipimo vya kina cha mto Nzoia, mamilioni ya mistari, na kutoa tahadhari kina kinapovuka kiwango cha hatari kule Budalang'i. Aliyeiandika yuko Kisumu, na kwenye `if` ya hatari ameweka `__builtin_expect(..., 0)`, yaani tawi hili ni nadra. GCC, yaani kompaila inayogeuza msimbo wake kuwa maagizo ya mashine, huchukulia kwamba amesema kweli kwa asilimia 90, kwa hiyo msimbo wa tawi hilo husogezwa mwisho wa funksheni ili njia ya kawaida inyooke. Kwa vipimo vya Januari amepatia. Masika yakikolea, kila kipimo kinalazimika kuruka kwenda huko mwisho. (Kidokezo hiki kinahusu idadi tu, si uzito wa jambo. Tawi nadra huenda ndilo unalotaka liwahi.)

Basi aiachie kompaila? Nyaraka za GCC zenyewe zinasema waandishi wa programu ni wabovu wa kukisia, na zinashauri kupima: jenga kwa `-O2 -fprofile-generate` (`-O2` ni kiwango cha uboreshaji), endesha ili faili za `.gcda`, zenye hesabu za matawi yaliyopitiwa, ziandikwe, kisha jenga upya kwa `-O2 -fprofile-use`. Shauri zuri. Ila ukiiendesha kwa data ya Januari peke yake, kosa ni lile lile, safari hii limevaa suti ya vipimo.

Vidokezo vya kuamrisha havina utetezi mkubwa. Neno `register`, la kuomba kigeu kikae ndani ya rejista ya prosesa, lilikwisha kazi kiasi kwamba C++17, toleo la lugha ya C++, ililiondoa. `inline`, la kuomba mwili wa funksheni ubandikwe pale inapoitwa, kompaila hulisikiliza ikipenda. Ukilazimisha kwa `always_inline`, funksheni ya mistari 40 inayoitwa mahali 20 inakuwa nakala 20 zinazogombania kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa. Hata Linux, mwaka 2011, iliondoa vidokezo vya kuvuta data mapema kwenye vitanzi vya orodha: orodha nyingi zilikuwa fupi, na kidokezo cha mwisho kilikimbilia NULL, anwani tupu inayofunga orodha, kazi bure yenye gharama.

`restrict`, neno la kuahidi kwamba kumbukumbu inayofikiwa kwa kielekezi kimoja haiguswi kwa kingine, ni habari nyingine, na hapo mimi niko upande wa mkono wa mtu. Tazama kitanzi hiki:

`toka[i] = ingia[i] * k;`

Kama `toka` na `ingia` ni vielekezi (anwani za kumbukumbu) vilivyopokelewa kutoka nje, kompaila haina namna ya kujua kama vinagusana kwenye kumbukumbu. Kwa `-O3`, kiwango cha juu cha uboreshaji, GCC hutengeneza kitanzi mara mbili, cha kuchakata namba nne nne na cha moja moja, kisha huweka ukaguzi mbele wa kuchagua. Ukiandika `restrict` ukaguzi unaondoka.

Lakini hiyo ni ahadi. Mtu akiita funksheni hiyo kwa `a + 1` na `a`, kila jibu linategemea lililotangulia. Kwa `-O0`, bila uboreshaji, majibu yatatoka kama alivyotarajia. Kwa `-O3` namba nne za zamani zinasomwa kwa pamoja kabla hazijabadilishwa, na majibu yanaharibika, pengine bila onyo hata moja.

Kwa hiyo jenga kwanza bila neno hilo, ukiongeza `-fopt-info-vec`, ili GCC iseme ilichofanya kwenye vitanzi. GCC ikisema kitanzi kimewekewa nakala kwa shaka ya kugusana, angalia `n`, yaani idadi ya mizunguko ya kitanzi. Ikiwa ni laki moja, ukaguzi mmoja mwanzoni hausikiki. Ikiwa ni 16 na funksheni inaitwa mara milioni, hapo unasikika.