Upofu wa upande wa mama: nani apimwe?

Kijana wa miaka 22 anamtazama mwenzake usoni. Nywele anaziona, masikio anayaona, lakini katikati pameingia ukungu. Haumwi popote. Baada ya wiki au miezi michache, jicho la pili nalo linafuata. Ndivyo unavyoanza ugonjwa wa Leber, ulioelezwa na daktari Mjerumani Theodor Leber mwaka 1871, unaoua neva ya jicho.

Hitilafu yake imo kwenye DNA ya mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati; DNA hiyo mtoto huirithi kwa mama. Mabadiliko matatu, yanayoitwa kwa namba za mahali yalipo kwenye DNA hiyo, yaani 11778, 3460 na 14484, ndiyo chanzo kwa takriban wagonjwa 9 kati ya 10, ndiyo maana maabara huanza na hayo kwa damu kidogo tu. Yasipopatikana na dalili bado zinaelekeza huko, husomwa DNA yote ya mitokondria.

Kwa mgonjwa mwenyewe sioni cha kubishania. Bila kipimo anaweza kutibiwa kwa steroidi kana kwamba neva imevimba, na idebenoni, dawa iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2015, asiisikie.

Ubishi uko kwa ndugu wanaoona vizuri. Wanaotaka wapimwe wana hoja nzito: sigara huongeza hatari ya kupofuka, na ethambutoli, dawa ya kifua kikuu, inaweza kuidhuru neva hiyohiyo. Anayejijua atamwambia daktari mapema. Wanaopinga wanakumbusha kwamba kwa makadirio ya kawaida ni nusu ya wanaume na mwanamke 1 kati ya 10 wenye mabadiliko haya ndio hupofuka, na kipimo hakisemi nani wala lini. Binti wa miaka 12 abebeshwe mzigo huo wa nini?

Naegemea kwa hawa wa pili, hasa kwa sababu ya namna ugonjwa unavyorithiwa. Mgonjwa akishapatikana na mabadiliko haya, kwa kawaida mama yake, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake wote wanayo. Sigara waache hata bila kutoa damu, na wakiugua kifua kikuu wataje historia ya ukoo. Familia ambazo mitokondria nzima na zenye hitilafu zimechanganyika ni chache. Huko kipimo kina la kuongeza, na mtu mzima akikitaka apewe.

Kijana yule naye, siku ya majibu, aambiwe jambo ambalo huenda akakaa miaka akiliogopa bure: watoto atakaowazaa hawataurithi kwake.