Dodo arudishwe, au njiwa aliyebaki aokolewe kwanza?

Dodo, yule ndege mnene asiyeruka wa kisiwa cha Morisi, alikuwa njiwa. Waholanzi walimkuta mwaka 1598, na mara ya mwisho kuonekana, kwa mujibu wa wataalamu wengi, ni 1662. Wawindaji hawakummaliza peke yao. Alitaga ardhini, na panya, nguruwe na kima walioletwa na merikebu wakawa wanakula mayai yake, huku misitu ikifyekwa.

Tangu Januari 2023 kampuni ya Marekani, Colossal Biosciences, inasema itamrudisha. Ndege hawezi kunakiliwa kama alivyonakiliwa kondoo Dolly kutoka seli ya kondoo mwingine, hivyo njia yao ni ya kuzunguka: wachukue seli za uzazi za njiwa wa Nicobar, ndugu wa karibu zaidi wa dodo aliye hai, wazihariri jeni zake (maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli) zifanane na za dodo, kisha wapandikize seli hizo kwenye kiinitete cha kuku, yaani kifaranga kinachoanza kukua ndani ya yai. Kuku huyo akikua atabeba mbegu zisizo zake, na kifaranga atakayetokana nazo ndiye dodo anayekusudiwa.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Jina la dodo huvuta fedha ambazo kazi ya kutega panya na kupanda miti ya asili haijawahi kuvuta, na kazi hiyo ingenufaisha kila kiumbe kisiwani.

Hata hivyo, atakayeanguliwa ni njiwa wa Nicobar aliyebadilishwa, asiye na dodo wa kumfundisha chochote. Tena atarudi wapi? Panya na kima bado wapo, na msitu wa asili ulio katika hali nzuri haufiki asilimia 2 ya kisiwa.

Ninayemhofia zaidi ni njiwa wa waridi, wa Morisi huyo huyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki porini kama kumi tu. Wahifadhi waliwazalisha vizimbani, wakawawekea chakula msituni, wakawategea panya, na leo wako mamia. Lakini karibu wote ni wa ukoo mmoja: mayai mengi hayaanguliwi, na makinda hufa kwa ugonjwa wa koo unaowazuia kumeza.

Kwa njiwa huyu, uhariri wa jeni una kazi ya dharura. Ngozi za mababu zake zilizohifadhiwa makumbusho bado zina jeni zilizopotea porini, na mbinu zile zile zingeweza kuzirejesha. Fedha za dodo zianzie hapo, wakati bado kuna ndege wa kupokea jeni hizo.