Taka za dawa za mikorosho: tanuri la saruji lizichukue?

Msimu wa kupuliza mikorosho ukiisha, wilaya za Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, hubaki na mzigo usio na mwenyewe: chupa tupu za viuatilifu, mifuko ya salfa, pengine na dawa iliyopitwa na muda imelala pembeni mwa ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Kuna chupa zinazohamia jikoni na kutiwa mafuta ya taa. Nyingine zinatupwa jalalani na kupigwa kiberiti, na hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu taka zenye klorini zikiungua kwa joto dogo huzaa dioksini, sumu inayong'ang'ania kwenye mafuta ya samaki, ng'ombe na binadamu.

Wahandisi wa taka hatarishi wana jibu lao: tanuri la saruji. Mtwara lipo, kwenye kiwanda cha Dangote kilichozinduliwa 2015, chenye uwezo wa tani milioni 3 za saruji kwa mwaka. Nakitaja kama mfano tu. Sisemi kwamba kinachoma taka hizo. Kwingineko njia hii imeshajaribiwa. Vietnam ilifanya jaribio la aina hiyo mwaka 2003 kwa viuatilifu vilivyochakaa, na Mkataba wa Basel, makubaliano ya kimataifa kuhusu taka hatarishi, una mwongozo wake kuhusu matanuri hayo.

Kwa upande wa joto, wahandisi wana haki ya kujigamba. Mwali hukaribia nyuzi 2,000 za Selsiasi, mawe hufika 1,450, na gesi hukaa sekunde kadhaa juu ya 1,200. Umoja wa Ulaya unadai 1,100 kwa sekunde 2 kwa taka zenye klorini nyingi. Chokaa iliyomo humeza tindikali, na majivu huishia ndani ya klinka, yaani madonge yanayosagwa kuwa saruji, kwa hiyo hakuna shimo la kuchimba. Linganisha na vichomea taka vya matofali vilivyozoeleka kwenye vituo vya afya: vinalenga nyuzi mia nane hivi, lakini mhudumu akitia taka mbichi joto linashuka, bomba ni fupi na chujio hakuna. (Anayeishi karibu na kimojawapo hahitaji kuelezwa upepo unavumia wapi.)

Wanaopinga nao wana hoja, tena si ya woga. Joto halimalizi zebaki. Inageuka mvuke, inatoka na moshi, na betri au kipimajoto kilichovunjika hakina kazi ndani ya tanuri. Dioksini nayo inaweza kuzaliwa upya moshi unapopoa kati ya nyuzi 450 na 200, hivyo kazi ngumu ya mhandisi iko zaidi kwenye kupoza gesi upesi kuliko kwenye kuwasha moto mkali. Tanuri linapowashwa au kuzimwa, joto halijatulia, na wakati huo taka hazipaswi kuingia kabisa. Klorini ikizidi, huganda kwenye kuta na kuziba njia. Hapo hata mwenye kiwanda asiyejali mazingira atajali.

Mimi nina wasiwasi zaidi na vipimo. Vumbi na gesi kadhaa husomwa papo hapo kwenye bomba, dioksini haisomwi hivyo: huchukuliwa sampuli, ikapelekwa maabara maalumu, na bei yake si ya mchezo. Kipimo cha namna hiyo kikifanywa mara chache, siku zilizobaki tunaishi kwa imani. Isitoshe, kiwanda kikilipwa kwa tani, kitatamani tani zaidi, na mlango uliofunguliwa kwa chupa za Newala unaweza kupitisha shehena za mbali.

Pamoja na hayo, kwa chupa na dawa zilizochakaa nachagua tanuri, maana mshindani wake halisi ni kiberiti cha jalalani. Kwa taka mchanganyiko za hospitali nakataa, mpaka pawepo watu wa kuzitenganisha kabla hazijapakiwa. Masharti yangu ni mawili. La kwanza, NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, isimamie jaribio la kwanza, na majibu yabandikwe ofisi za vijiji vinavyozunguka kiwanda, kwa Kiswahili. La pili ni gharama: anayeingiza na kuuza dawa alipie kurudisha chupa, zikiwa zimesuuzwa mara tatu na kutobolewa. Ukimtwisha mkulima nauli ya lori kutoka Newala, chupa haitafika popote.