Juzi toa cherehani, leo toa kitanda

Wakuu hivi kuna mtu anaweza kunieleza mimi nakaa wapi? Maana walipita mabwana wenye kitabu cha faini wakasema hapa ni eneo la makazi, toa cherehani barazani. Nikatoa, nikaingiza chumbani, nashona suruali za watu mguu mmoja uko uvunguni. Sasa jana tunaitwa mkutano wa mtaa tunaambiwa matumizi ya ardhi yanabadilika, huku kwetu Dodoma, nyuma ya soko la Majengo, patakuwa eneo la biashara na utamaduni, kwa hiyo cherehani ruksa, kitanda ndo hakitakiwi.

Kaja kijana wa mipango miji, kola imekaa vizuri (hapo nilimpa maksi, fundi ni fundi), ana laptop na projekta. Akaanza na "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, halafu akatulia anasubiri vigelegele. Nusu ya mtaa ni Warangi na Wachaga, tukamjibu salama.

Akaingia kwenye historia, 1973 ikaamuliwa makao makuu yaje Dodoma, 1976 Wakanada wakachora ramani, CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikavunjwa 2017, 2018 tukawa jiji, sasa tuna Mpango Kabambe mpaka 2039. Sawa, sisi kwenye michoro yote hiyo tumekuwepo tunaota jua tu. Mkataba wa kiwanja wa miaka 33 wa marehemu mzee bado ninao kwenye sanduku la bati, na vyeti vya ubatizo.

Ndo ikaja picha ukutani. Barabara ya mawe, mzungu na mbwa, miti kijani tupu. Dodoma hii? Mwezi wa kumi? Nikanyoosha mkono.

"Bwana mdogo, nionyeshe kwangu."

Akaivuta picha ikakua. "Wewe mzee wangu uko hapa, kwenye chemchemi."

"Chemchemi ipi?"

"Ya kurusha maji, mzee. Usiku inawaka taa za rangi."

Jamani. Hapo anapogusa kwa kidole ndo nimeweka simtanki, na simtanki lenyewe linalia kwa ukavu, maji ya bomba yanakuja usiku wa manane kama mwizi, mama watoto analala na mpira wa maji mkononi. Nikamuuliza hayo ya kurusha yatatoka wapi. Akasema yatazunguka, ni yale yale yanapanda yanashuka. Nikamwambia basi hayo yale yale yapitishe kwetu kwanza tufulie, ndo uyarushe.

Watu wakacheka, mwenyekiti akaniambia fundi kaa chini. Nikakaa. Kwa heshima.

Bibi mmoja wa Kigogo akasimama, hajaombwa, akaenda mpaka ukutani akaigusa ile picha ya sanamu ya utamaduni. Dume zima, limebana ngoma ya muheme mapajani linapiga. "Mwanangu, huyu wanawake wa kwao wote wamekufa?" Kijana hajaelewa. Bibi akamwambia muheme wanapiga wanawake, mwanaume anayebana hivyo anatafuta ngiri. Kijana akasema "tutalichukua kama maoni" akaandika. Naapa niliona akiandika ngiri.

Machinga hawakutajwa. Bajaji watapangiwa eneo, tunalijua hilo eneo, porini.

Mimi nikasimama tena nikauliza fidia. Akasema tathmini itafuata sheria. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia kamili, ya haki, kwa wakati, hata mimi wa cherehani nimeisikia, ila je wateja wangu nao watatathminiwa? Huyu niliyemshonea sare tangu chekechea leo anaoa na suti yangu, nikihamishiwa nje ya mji huko Nala atanifuata? Kwa nauli ya nani? Nyie mnadhani fundi anahamishika na meza yake tu?

Akaruka swali, akaja kwenye mgahawa wa vyakula vya asili. Mlenda, eti elfu kumi na mbili, kwenye bakuli, na kijiko. Mlenda na kijiko! Utaukatia wapi? Hapo sokoni kina mama wanakupimia mlenda mkavu uliotwangwa, unatia karanga na magadi kidogo, ukizidisha magadi unaharibu kila kitu, jirani yangu yeye anatia nyanya nyingi mpaka inakuwa rosti, nimeshamwambia hasikii.