Kuku wa Mwendo Kasi

Jirani alikuwa amenipiga kwenye 0 A.D., gemu ya vita ya kompyuta, mpaka mke wake akaanza kunisalimia kwa huruma. Nikaona dawa ni modi, yaani kuigeuza gemu kwa mafaili yako mwenyewe: niingize vitani chukudu, ile skuta ya mbao ya magurudumu mawili tunayobebea mizigo hapa Goma. Gemu yenyewe ilianza mwaka 2001 ikiwa wazo la modi ya gemu nyingine, Age of Empires II, basi Goma ikose nafasi kwa nini? Tena ni ya bure, na mafaili yake ya XML, maandishi ya kawaida tu, yanafunguka hata kwenye kompyuta yangu iliyochoka.

Mshauri wa ufundi akawa Mjomba, aliyeshusha kabichi na viazi kwa chukudu kutoka Kibumba enzi zake. Taabu ilikuwa sura. Nyumbani hakuna aliyejua kuchora umbo la 3D, tukaazima la ngamia, jina tukaandika Chukudu.

Mjomba akavaa miwani.

"Hii nundu ya nini?"

"Mzigo, Mjomba. Kabichi."

"Na breki?"

Breki ya chukudu ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga. Ngamia wetu alikuwa na mkia tu.

Mjomba akaguna. "Basi angalau ikimbie. Inatembea kama inaenda kuposa."

Mdogo wangu akaongeza sifuri moja kwenye mwendo. Ila si kwenye faili la chukudu: aliitia kwenye faili mama, lile ambalo kila chenye miguu kinarithi kwake. Askari, wanawake, tembo. Kuku.

Jioni jirani akaja na kle yake, yaani flashi ya USB, kunakili modi, maana msipokuwa na modi ileile hamuwezi kucheza pamoja. Tukawekeana mishikaki ya mbuzi.

Mchezo ukaanza. Wale kuku wa kuchinja mapema upate chakula, hawakamatiki! Mpanda farasi akifika, kuku ameshahama. Mmoja akaipita chukudu yangu, akarudi, akaipita tena. Wanawake wakafyeka msitu nikiwa bado natafuta pa kubonyeza, na jeshi la jirani likaingia kwangu kabla sijamaliza nyumba ya pili.

Mjomba hakuangalia vita. Kidole chake kilikuwa kinamfuata kuku kwenye skrini.

"Huyu ni wenu ao wa jirani?"

"Hana mwenyewe, Mjomba."

"Basi mpakizeni yeye kabichi."

Jirani alikuwa ameshatoka nje kumwita muuza mishikaki, akisisitiza pilipili iwe nyingi, na kwamba mlipaji ni mimi.