Tajiri kanunua hisa, rangi hakununua

Juni 2012, klabu ya Cardiff City ya mji mkuu wa Wales ilitangaza kwamba kuanzia msimu unaofuata timu itavaa jezi nyekundu. Hii ni timu iliyovaa bluu kwa karne nzima. Jina lake la utani ni Bluebirds, yaani ndege wa bluu. Kombe la FA la mwaka 1927 walilibeba wakiwa Bluebirds, walipoifunga Arsenal 1-0 pale Wembley, na mpaka leo hakuna klabu nyingine iliyowahi kulitoa kombe hilo nje ya England. Sasa yule ndege akasukumwa chini ya nembo, kadogo, na juu yake likakaa joka jekundu. Mmiliki, tajiri wa Malaysia Vincent Tan, aliamini nyekundu ni rangi ya bahati na kwamba nyekundu na joka vitauzika vizuri zaidi Asia.

Wengi wanaikumbuka habari hii kama kichekesho cha tajiri asiyejua mpira. Mimi naiona kama jambo zito kuliko matokeo yoyote ya uwanjani, na kinachonikera zaidi si rangi yenyewe. Ni namna mashabiki walivyopelekwa mpaka wakakubali.

Mwezi mmoja kabla ya tangazo, mpango ule ulivuja. Timu ilikuwa imetoka kufungwa na West Ham kwenye nusu fainali ya mchujo wa kupanda daraja, watu bado wana machungu, mara wanasikia habari za jezi nyekundu. Kelele zikawa kubwa, klabu ikasema basi, tumeacha. Lakini katika maelezo yale yale ya kuacha waliambiwa pia kwamba klabu inapoteza fedha kila mwezi na kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Kila shabiki alielewa maana yake. Cardiff ilikuwa na madeni ya muda mrefu, imeshafikishwa mahakamani kwa kodi isiyolipwa, na aliyekuwa akiibeba ni huyo huyo Tan. Haikupita muda, baadhi ya mashabiki wenyewe wakaanza kuomba mpango ufufuliwe. Ukafufuliwa, na ahadi za fedha juu yake: madeni yatashughulikiwa, uwanja utapanuliwa, mazoezi yatafanyika mahali pa maana.

Wapo waliowaita watu hao wasaliti. Siwezi kuwaita hivyo. Mtu aliyeanza kwenda uwanjani akiwa mtoto, akaiona timu yake ikizunguka madaraja ya chini, hajawahi kuiona hata siku moja kwenye ligi ya juu, unamwekea mezani vitu viwili: bluu na pengine kufilisika, au nyekundu na pengine Manchester United kuja kwenu. Akichagua cha pili, kosa si lake. Kosa ni la aliyeziweka njia hizo mbili kana kwamba ya tatu haipo. Hakuna sheria ya uchumi inayosema ukilipa deni la klabu lazima ubadilishe jezi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na Tan mwenyewe ndiye aliyeyafunga pamoja.

Kilichofuata ndicho kilichowajaribu watu kweli. Timu nyekundu ikashinda. Msimu wa 2012/13 Cardiff waliongoza daraja la pili na usiku wa Aprili 16, 2013, sare ya 0-0 na Charlton ilitosha kuwapandisha Ligi Kuu. Mara ya mwisho walikuwa ligi ya juu mwaka 1962. Watu walimiminika uwanjani wakilia. Jiulize wewe ungefanya nini usiku ule. Wapo waliovaa nyekundu kwa furaha zote, wapo waliokuja na jezi zao kuukuu za bluu wakawashangilia watu waliovaa nyekundu, na wapo waliokuwa wamekwisha kurudisha tiketi zao za msimu na kubaki nyumbani, timu yao ikipanda daraja bila wao. Familia moja ingeweza kuwa na wote watatu. Hilo ndilo jeraha ambalo hesabu za biashara hazilionyeshi. Ushindi wa timu ni kitu cha kuwaweka watu pamoja, na hapa ulikuja ukiwa umeshawagawa.

Halafu mabao yakaisha. Agosti 2013 waliifunga Manchester City 3-2 nyumbani, na kwa wiki kadhaa ilionekana ndoto imekuwa kweli. Kufikia Desemba kocha aliyewapandisha, Malky Mackay, alikuwa amefukuzwa. Akaja Ole Gunnar Solskjær, na Mei 2014 Cardiff ikashuka ikiwa ya mwisho kabisa kwenye msimamo. Sasa ile biashara ikabaki nusu: nyekundu ipo, Ligi Kuu haipo. Bluu ikarudi majukwaani kwa nguvu, skafu na mabango na nyimbo za kuapa kwamba wao ni bluu siku zote. Wengine wakachoka hata kuandamana, wakaacha tu kwenda. Januari 2015, mechi ya Kombe la FA dhidi ya Colchester ilitazamwa na watu zaidi kidogo ya 4,000 kwenye uwanja wenye viti zaidi ya 33,000.

Wiki iliyofuata Tan akakubali kurudisha bluu. Alisema mama yake, mwanamke mcha Mungu wa dini ya Kibudha, alimkumbusha thamani ya umoja na furaha. Januari 10, 2015 Cardiff iliingia uwanjani na bluu dhidi ya Fulham, ikashinda 1-0. Nampa Tan haki yake hapa. Matajiri wengi wangeuza timu kwa hasira kuliko kurudi nyuma mbele ya watu, naye alirudi. Ila nisingependa mtu aseme kisa kiliisha vizuri. Bluu ilirudi kwa hisani ya mmiliki na busara ya mama yake. Kama mama huyo angekuwa na ushauri mwingine, ndege yule angekuwa bado amebanwa chini ya joka.

Ukitaka kuona mmiliki akijaribu kutumia hata kura kama fimbo, nenda Hull. Assem Allam, mfanyabiashara aliyezaliwa Misri, aliiokoa Hull City isifilisike mwaka 2010, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Miaka mitatu baadaye akataka iitwe Hull Tigers, akidai neno City linatumiwa na kila timu. Mashabiki walipoanzisha kampeni waliyoiita City Till We Die, yaani City mpaka tufe, aliwajibu kwamba wanaweza kufa upesi wapendavyo. Kisha akaitisha kura ya wenye tiketi za msimu. Soma majibu mawili makuu waliyopewa: ndiyo kwa Hull Tigers huku familia ya Allam ikiendelea kuongoza klabu, au hapana kwa Hull Tigers. Upande mmoja umewekewa uhakika wa kuishi, upande wa pili umeachwa utupu ili woga uujaze. Hata hivyo waliosema ndiyo waliwazidi waliosema hapana kwa kura chache sana, na wengi hawakujibu kabisa. Kilichoiokoa Hull ni kwamba England jina la klabu halibadiliki bila idhini ya FA, chama cha soka cha huko, na FA ilikataa mwaka 2014, ikakataa tena mwaka 2015. Kulikuwa na mlango wenye komeo, na komeo halikuwa mikononi mwa tajiri.

Salzburg, Austria, komeo halikuwepo. Red Bull, kampuni ya vinywaji, iliinunua klabu ya Austria Salzburg mwaka 2005, ikaondoa zambarau na nyeupe, ikaondoa na jina, ikataka historia ihesabiwe upya wakati klabu ilikuwepo tangu 1933. Mashabiki waliokataa walianzisha Austria Salzburg yao wenyewe wakaanzia daraja la chini kabisa, huku ile ya kampuni ikibeba makombe na kucheza Ligi ya Mabingwa. Sijawahi kuwahurumia. Nawaheshimu.

Nayaandika haya nikiwa Mtanzania, na sisi tunayo ya kwetu. Novemba 2022 Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Aliyeikatia mbio hizo si Simba wala Azam. Ni Ihefu, kule Mbarali mkoani Mbeya, 2-1. Nchi nzima ikalijua jina hilo, jina la ardhi oevu ya Usangu, ambako maji ya Ruaha Mkuu hupita. Miaka miwili haikutimia, timu ikawa imehamia Singida na inaitwa Singida Black Stars. Timu inafanya vizuri na Singida wana haki ya kufurahia timu yao. Lakini waliokaa kwenye nyasi na majukwaa ya Mbarali siku ile waliulizwa na nani? Sisi tuliandika kuhusu usajili mpya, kocha mpya, malengo ya kimataifa, na habari ya Ihefu ikapita kama tangazo la mabadiliko ya ratiba.

Mtu ataniambia Simba nayo ilibadili jina, kutoka Sunderland, mwaka 1971. Ndiyo, na sipingi kubadili jina. Ile ilikuwa klabu ya wanachama katika kipindi ambacho nchi ilikuwa inavua majina ya kigeni, na jina lililokuja lilikuwa la lugha yao wenyewe. Ninachouliza ni nani alikaa kikaoni. Ndiyo maana naiona ya maana sana ile kanuni inayotaka wanachama wa klabu kama Simba na Yanga wabaki na asilimia 51 hata mwekezaji akiingia. Watu huilalamikia kwamba inamfunga mwekezaji mikono. Inamfunga mikono panapostahili kufungwa. Tatizo ni kwamba klabu nyingi za ligi yetu hazina wanachama. Zina mwenyewe, mtu au taasisi, na akiamka na wazo jipya hakuna kikao cha kumzuia.

Waingereza, baada ya Cardiff na Hull na mengine mengi, wametunga sheria ya usimamizi wa soka mwaka 2025. Nembo na rangi kuu za jezi ya nyumbani hazibadilishwi mpaka ithibitike kwamba mashabiki wengi wameridhia, na jina linahitaji idhini ya FA. Sisi hatuhitaji kusubiri Bunge. TFF, shirikisho letu la soka, inatoa leseni za klabu kila msimu, na leseni ina masharti. Iongezwe sharti moja: jina, rangi, nembo na mkoa wa klabu havibadilishwi bila kura ya mashabiki waliosajiliwa, swali liwe jepesi lisilobebeshwa vitisho vya fedha, na matokeo yatangazwe kabla ratiba ya ligi haijatoka. Klabu isiyo na daftari la mashabiki ipewe msimu mmoja kulianzisha. Mwekezaji makini hatakimbia kwa sababu hiyo, maana daftari hilo hilo ndilo litakalomwambia ana wateja wangapi. Akikimbia kwa kuwa amekatazwa kubadili jina, alikuwa anakuja kununua leseni ya kucheza ligi, na leseni hiyo ni bora ibaki Mbarali.